Kuijua Mbinu ya Tangazo Si Kinga

Wananchi wengi wanaotuletea malalamiko kuhusu matangazo ya biashara hapa Tanga huanza kwa kusema matangazo hayawababaishi. Tunawaomba waiache kauli hiyo. Mwanasosholojia Mmarekani W. Phillips Davison aliieleza hali hiyo mwaka 1983: watu huona ujumbe kama tangazo unawapata wengine kuliko unavyowapata wao.

Gari la matangazo likizunguka mitaa ya Ngamiani wiki nzima, jina la sabuni huzoeleka masikioni hata kwa asiyeamini neno lake. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kuwa kukutana na kitu mara kwa mara kunatosha kumfanya mtu akipende zaidi. Dukani mkono utaifuata sabuni hiyo, nawe utasema umechagua ubora.

Bei ndiyo inayowaumiza zaidi. Tuseme simu imebandikwa 450,000 iliyokatwa mstari mwekundu, chini yake 299,000. Unajua fika kwamba ile ya juu huenda haijawahi kulipwa na mtu, ila akili imeshaanza kupimia hapo, na 299,000 inaonekana ya bure hata kama duka la pili wanauza 270,000. Kwa hiyo andika kiasi chako kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani, ulizia maduka mawili mengine, halafu lala usiku mmoja ndipo ulipe. "Ofa mwisho leo" imewekwa ili ukose usiku huo.

Kushawishiwa si kosa la muuzaji, na barua za "tangazo lilinivutia" haziwezi kufunguliwa shauri. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kupotosha: kusema uongo kuhusu bei, ubora au asili ya bidhaa. Faini yake hupimwa kwa asilimia ya mauzo ya mwaka ya mfanyabiashara.

Anayelalamika apige picha ya bango lote siku hiyohiyo, pamoja na maandishi madogo ya chini, kwa kuwa mabango hubanduliwa. Tangazo la gari lirekodiwe, ziandikwe tarehe, saa na mtaa. Dai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, hakiki kiasi kabla hujaondoka kaunta, kisha itoe kopi mapema: karatasi yake huchapwa kwa joto, na ikikaa kwenye pochi miezi michache maandishi huweza kufifia hadi yasisomeke. Barua ya malalamiko itaje bei iliyotangazwa, bei uliyolipa, na unachodai, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Ambatisha kopi, risiti halisi ibaki kwako.