Msimlilie Banks, mlilieni Majors

Agosti 2025 imefika na ujumbe ni uleule. Mara hii umeletwa na mzee mmoja ninayemheshimu sana, kwenye kundi letu la WhatsApp la Waswahili wa Texas. Kaorodhesha majina ya mstari wa mashambulizi wa Chuo Kikuu cha Texas katika mpira wa Kimarekani (wale watano wa mbele wanaomkinga kwotabeki, mrusha pasi, na kumfungulia njia mkimbiaji), kila jina na kilo zake, na chini kaandika: "Mwalimu, hapa kuna pengo gani? Yametoka majitu manne, yanaingia majitu manne. Manning atakaa nyuma yao kama yuko sebuleni."

Shikamoo mzee wangu. Swali hili nimelijibu kwa mdomo harusini, msibani na kwenye maegesho ya magari, na sasa nalijibu kwa maandishi ili mwakani nitume kiungo tu. Mimi nafundisha mstari. Vijana wangu ni wa sekondari, sina darasa la chuo kikuu, ila kazi yenyewe ni ileile, na kinachoniudhi ni kuona watu wenye akili zao wanaihesabu kazi hiyo kwa mizani.

Yasiyo na ubishi tuyapitie haraka. Texas wanaanza msimu wa 2025 wakiwa namba 1 katika kura ya AP, orodha ya timu bora za vyuo inayopangwa na waandishi wa habari, jambo ambalo halijawahi kuwatokea kabla ya msimu. Kwotabeki ni Arch Manning, na ukoo wake wa makwotabeki mnaujua. Mchezo wa kwanza ni Agosti 30, ugenini Columbus, kwa Ohio State, mabingwa wa taifa wa msimu wa 2024. Wakimbiaji wapo, wapokeaji wapo, ulinzi ni mkali. Huko sina la kuongeza.

Mstari uliowafikisha ushindi 13 msimu uliopita ulikuwa hivi, kutoka kushoto: Kelvin Banks Jr. (pembeni), Hayden Conner (gadi), Jake Majors (senta, wa katikati anayeanzisha mpira), DJ Campbell (gadi), Cameron Williams (pembeni). Amebaki Campbell peke yake. Banks alichukuliwa na New Orleans Saints akiwa wa 9 katika uteuzi wote wa NFL, ligi ya kulipwa, baada ya kubeba Outland na Lombardi, tuzo kubwa za wachezaji wa mstari. Conner na Williams waliitwa raundi ya 6. Raundi zote 7 zikaisha na Majors hakuitwa na timu yoyote.

Basi watu wakapiga hesabu rahisi: aliyeitwa wa 9 ndiye hasara kubwa, na asiyeitwa si hasara. Mimi nasema kinyume chake. Kama ningepewa nafasi ya kumrudisha mmoja tu kati ya wale wanne kwa ajili ya mchezo wa ugenini dhidi ya ulinzi wenye mipango ya siri, ningemrudisha Majors, bila kusita.

Majors alianza michezo 56, rekodi ya chuo hicho. Tangu 2022 hadi 2024, misimu 3 mfululizo, yeye, Conner na Banks walisimama bega kwa bega upande uleule. Fikirieni maana yake. Mipango ya ulinzi waliyokutana nayo, ya Alabama, ya Oklahoma, ya Georgia, waliiona wote watatu kwa macho yaleyale na wakaichambua pamoja Jumapili kwenye video. Ikifika hapo, mtu hahitaji kumwita mwenzake. Senta akigeuza kiuno nusu tu, gadi ameshajua.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo wenye mizani wanaponichosha. Ni jaribio la tatu kati ya manne ya kupata yadi 10, zimebaki yadi 8. Ulinzi umesimamisha watu sita kwenye mstari. Watakuja wangapi? Huenda wote sita. Huenda wanne, na wawili wakarudi nyuma kulinda pasi. Huenda wanne, lakini mmoja wao ni beki aliyekuwa amejificha pembeni, na yule mtu mzito uliyedhani ndiye anayekuja karudi nyuma. Kabla ya mpira kutoka, senta ana sekunde chache za kumtaja Maiki, yule mlinzi wa katikati ambaye mstari wote unapanga kinga yake kwa kumhesabia yeye. Akishamtaja, upande mmoja wa mstari unaelekea kwa pamoja kulinda eneo, na upande wa pili kila mtu anashika mtu wake. Akimtaja siye, wenzake wanne watafanya kazi yao sawasawa kabisa, kwa nguvu zote, na bado mtu mmoja atampata kwotabeki bila hata kuguswa. Mtazamaji ataona kijana wa pembeni kaachwa akishangaa, na kesho atasema yule kijana ni dhaifu. Kijana alifuata mwito. Mwito ndio uliokuwa mbovu.

Halafu kuna kupokezana. Washambuliaji wawili wa ulinzi wanapishana: wa nje anaingia ndani, wa ndani anamzunguka kutokea nje. Gadi na mtu wa pembeni wanapaswa kubadilishana bila kugongana, na haiwezekani kama mmoja kasimama hatua moja nyuma ya mwenzake. Lazima wawe kwenye kina kimoja, macho juu, mkono mmoja ukihisi bega la jirani. Mambo haya hayafundishwi ubaoni. Yanaingia mwilini kwa kurudia mamia ya mara na mtu yuleyule. Ni kama watu wanaoshusha mashua majini: mmoja akichelewa kuinua, uzito wote unamwangukia aliye jirani yake, hata awe na nguvu kiasi gani.

Na kwenye kukimbiza mpira ni vilevile. Timu ya Steve Sarkisian, kocha mkuu wa Texas, hupenda sana kukimbia kwa kanda, yaani kila mtu wa mstari anafungua eneo lake badala ya kumfuata adui mmoja. Senta na gadi wanaanza pamoja kwa mtu mmoja mzito wa ndani, nyonga kwa nyonga, kisha mmoja wao anamwachia mwenzake na kupanda kumfuata lainibeka, mlinzi wa safu ya pili. Nani anapanda? Hakuna anayejua kabla. Inategemea lainibeka kaelekea wapi. Akipanda mapema, yule wa ndani anapenya na mkimbiaji anaangukia nyuma ya mstari. Akichelewa, lainibeka anafika wa kwanza na mchezo unaisha kwa yadi 1. Nimewaona vijana wenye miili ya kuogopesha wakikosa hili mwaka mzima kwa sababu hawakumwamini aliye kando yao.

Sasa waliopo. Watu wengi wanaogopa upande wa kushoto pembeni, pale alipokuwa Banks, na huko ndiko ninakolala usingizi. Trevor Goosby ameshakalia kiti hicho kwenye moto: Desemba 2024, Banks akiwa ameumia, yeye ndiye aliyesimama kushoto kwenye fainali ya SEC, ligi ya vyuo wanayochezea Texas, dhidi ya Georgia, na baadaye akahamia kulia Williams alipoumia. Mrefu, mikono mirefu, miguu haina papara. Kulia pembeni anatarajiwa Brandon Baker, kijana aliyekuja na sifa kubwa kutoka California. Atafanya makosa ya ujana, na Manning anaweza kuyakimbia baadhi yake. Gadi wa kushoto wanayemtaja sana ni Connor Stroh, na huyu ndiye anayewafurahisha wapenzi wa mizani, maana ni jitu la futi 6 na inchi 7. Campbell, gadi wa kulia, anaanza tangu 2023, na namwamini.

Katikati ni Cole Hutson, huku Connor Robertson akimkimbiza. Hutson si mgeni: 2022, akiwa ndiyo kwanza katoka sekondari, alianza kama gadi wa kulia. Lakini ugadi ni kupokea miito na usenta ni kuitoa, tena mpira ukiwa mkononi mwako na mtu wa kilo 150 akikupumulia usoni. Wanaosema "atazoea" wana haki. Swali langu ni atazoelea wapi.

Maana atazoelea Columbus. Uwanja wa Ohio State unaingiza watu zaidi ya 100,000, na kwenye jaribio la tatu husikii sauti yako mwenyewe. Miito ya mdomo inakufa. Gadi anageuza kichwa nyuma kumwangalia kwotabeki, kwotabeki akitoa ishara gadi anamgusa senta, senta anahesabu moyoni kisha anaachia mpira. Wakati huohuo mtu wa pembeni, aliye mbali, anautazama mpira kwa jicho moja na adui kwa jicho la pili, na anachelewa kuondoka kwa nukta anayoihitaji yule anayemkimbilia. Hiyo ndiyo hali ambayo senta mwenye michezo 56 anaituliza, na senta mpya anaikuta kwa mara ya kwanza mbele ya taifa zima.

Mtaniambia Ohio State nao wamepoteza mstari wao wa mbele wote. Kweli, Sawyer, Tuimoloau, Tyleik Williams na Hamilton wameenda NFL. Wengi wanaipokea kama habari njema, na mimi inanitia wasiwasi zaidi. Mratibu mpya wa ulinzi wao ni Matt Patricia, mtu aliyekaa miaka mingi na New England Patriots ya NFL. Kocha asiye na watu wa kukushinda kwa nguvu atakushinda kwa mafumbo, na nyuma anao Caleb Downs na Sonny Styles wa kuyaficha. Mafumbo hayamtafuti Goosby. Yanamtafuta senta.

Turudi kwenye kilo kidogo, maana najua mzee wangu hajaridhika. Tangu 2015 kuna tuzo ya Joe Moore, inayotolewa kwa mstari mzima, si kwa mchezaji mmoja. Msimu wa 2024 waliibeba Army, chuo cha jeshi cha West Point, ambako vijana wa mstari ni wepesi kuliko wenzao wa timu kubwa kwa sababu wanaandaliwa kuwa maofisa. Walishinda michezo 12 na wakaongoza nchi nzima kwa yadi za kukimbia. Uzito una sehemu yake, siukatai: Novemba hiyohiyo Notre Dame waliwapiga 49 kwa 14, na tofauti ya miili ilionekana. Kuna kiwango ambacho chini yake huwezi kusimama. Ukishakipita, kila kilo ya ziada inakusaidia kidogo kuliko mwito mmoja sahihi.

Yapo yanayonisumbua katika hoja yangu mwenyewe, na sitaki kuyafunika. La kwanza ni kwamba mstari wa 2024 ulikuwa na uzoefu wote ninaousifia, na bado Oktoba Georgia walimwangusha kwotabeki mara 7 palepale Austin. Januari, kwenye Cotton Bowl, nusu fainali ya taifa, Texas walikuwa na jaribio la kwanza yadi 1 kutoka langoni mwa Ohio State. Wakasukuma, hakuna kitu. Wakarusha pembeni kwa mkimbiaji wao Wisner, wakapoteza yadi 7. Pasi, hewa. Jaribio la nne Jack Sawyer akamfikia Ewers, kwotabeki wa Texas msimu ule, mpira ukatoka, akaubeba yadi 83 hadi mwisho. Mstari wenye uzoefu wote huo haukupata yadi 1. Nimeiangalia sehemu ile mara nyingi na sina jibu linaloniridhisha. Uchaguzi wa mchezo ulichangia, lakini hautoshi kueleza yote.

La pili linamhusu kocha wao wa mstari, Kyle Flood. Mwaka 2020 alikuwa Alabama, na mstari wake ukabeba hiyohiyo Joe Moore. Senta wake, Landon Dickerson, aliumia kwenye fainali ya SEC mwezi Desemba. Aliingia Chris Owens, na Alabama wakampiga Notre Dame 31 kwa 14 na Ohio State 52 kwa 24, wakatwaa ubingwa. Senta aliondoka na mashua haikuzama. Jibu langu ni kwamba Owens alikuwa mkongwe wa miaka mingi ndani ya mfumo uleule, na waliomzunguka hawakubadilika. Hutson anazungukwa na Campbell mmoja na wageni watatu. Naona tofauti hiyo ni kubwa. Anayeiona ndogo simwiti mjinga.

La tatu ni kipimo. Alama wanazopewa wachezaji wa mstari na wachambuzi zinatolewa na watu ambao hawakuwa chumbani wakati mpango unapangwa. Wanaona nani kapitwa, hawajui aliambiwa afanye nini. Nami nikikaa mbele ya televisheni sina tofauti kubwa nao. Nakisia vizuri kidogo kwa sababu ya kazi, basi.

Ninavyokisia ni hivi. Columbus watateseka katikati, na Manning atalaumiwa kwa mambo yasiyo yake. Baada ya hapo wana San José State, UTEP na Sam Houston nyumbani, na hayo ndiyo majuma matatu ya thamani kuliko yote katika ratiba yao, hata kama mtakuwa mmezima televisheni robo ya pili. Oktoba 4 wanaenda Gainesville kwa Florida, kelele nyingine, na hapo ndipo tutajua kama Hutson na gadi wake wa kushoto wameanza kuongea bila mdomo. Safari ya Georgia ni Novemba 15. Wakifika huko watano walewale, wakiwa wazima na hakuna aliyehamishwa nafasi, nawaona wakiwa mmoja wa mistari bora ya SEC. Kama kufikia hapo Flood atakuwa ameshabadilisha senta au gadi, hesabu inaanza upya, na kilo hazitawaokoa.

Kwa hiyo Agosti 30, mzee wangu, kabla mpira haujatoka usimwangalie Manning. Mwangalie Hutson ananyoosha kidole kwa nani, kisha tazama yule aliyenyooshewa anaenda wapi. Ukifanya hivyo robo ya kwanza tu, tutakuwa na kitu cha kubishania.