Njaanuari: yale tunaambiana na vile mambo yako kweli

Kila mwaka tukishafika tarehe tano sita hivi, hapa Kisumu ukipanda matatu ama ukikaa kwa kinyozi stori ni moja tu, Njaanuari, yaani Januari ya njaa, na ndani ya hizo stori kuna vitu watu wanaamini ambavyo si kweli na vinawaumiza mfukoni na hata kiafya. Wacha niseme zile zinanisumbua zaidi.

Eti Januari ndio mwezi mrefu kuliko yote. Hapana. Ina siku 31, sawa na Desemba, Machi, Mei, Julai, Agosti na Oktoba. Kinachorefuka ni ile nafasi kati ya mshahara na mshahara. Ukilipwa Desemba tarehe 20 ndio uwahi kusafiri, halafu wa Januari uingie tarehe 31, hizo ni siku 42 unasukuma na pesa ya mwezi mmoja, na hapo katikati kuna nauli ya kuenda ocha (nyumbani mashambani), nauli ya kurudi ambayo hupanda tena watu wote wakirudi na shule zikifungua, kuna karo, sare, vitabu, viatu. Kwa hivyo ukilipwa mapema gawa hiyo pesa kwa wiki sita, si nne, na ufanye hivyo kabla hujakanyaga stage. Na sare si lazima iwe mpya, Jumapili pale soko la Kibuye ukienda mapema unapata sweta na sanduku la shule ambalo bado lina nguvu.

Eti Krismasi imeisha, kama hukuenda nyumbani umepotea. Kwa mapokeo ya Kanisa, Noeli ina siku 12 na inafika hadi Epifania, Januari 6, na Wakatoliki wanaendelea nayo hadi Ubatizo wa Bwana. Yule shangazi wa Vihiga ambaye hukumfikia Desemba, mwendee wiki ya kwanza na kilo ya sukari na mkate, mkae, mnywe chai, hiyo ni Krismasi kamili. Hakuna mahali imeandikwa lazima kuku achinjwe.

Eti omena, wale dagaa wadogo wa ziwa, ni chakula cha shida. Hii ndio inaniuma sana, maana watoto wetu wanaanza kuona aibu kubeba omena shule. Omena unaila mzima na mifupa yake, ndio maana ina kalsiamu nyingi juu ya protini, na nyama ya kawaida haiwezi kukupa kalsiamu hivyo. Tena Januari ni wakati wake, kwa sababu ziwa huku kwetu hufungwa kwa omena kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ndio izaane, saa hizi wavuvi wanaenda usiku na taa zao kama kawaida. Na kiangazi kikikaza mboga zinapanda bei, so gorogoro moja (ule mkebe wa kupimia) ya omena inabeba nyumba siku kadhaa. Wengi wanasema ni chungu ama ina mchanga, lakini hapo shida ni upishi. Ioshe na maji ya moto mara mbili tatu hadi maji yatoke safi, ikaange kwanza bila mafuta ikauke mpaka harufu ibadilike, ndio sasa uweke mafuta, kitunguu, nyanya nyingi. Ugali wa mtama hapo kando, basi.

Eti mahindi ya ocha yakipikwa vizuri hayana shida, hata kama yameshika ukungu kidogo. Tafadhali msikubali hii. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu (aflatoxin), haiishi kwa kuchemsha wala kwa kusaga, inapita ugali na githeri ikiwa vile vile na inaharibu ini, na yakiwa na sumu nyingi yanaua. Watu wamebeba gunia kutoka nyumbani, wameliweka chini kwa simiti kwa chumba kimoja kisicho na hewa, mahindi hayakuwa yamekauka vizuri, wiki mbili tatu yanaanza kunuka. Kabla ya kupeleka posho mill chukua chupa kavu, weka mahindi kiasi na chumvi kavu, tikisa dakika kadhaa, iache itulie. Chumvi ikishika kwa kuta za chupa bado yana maji, yaanike kwa turubai, si kwa mchanga, jua la Januari huku ni la kutosha. Gunia liweke juu ya mbao, mbali na ukuta. Yale yameoza usimpe kuku wala ng'ombe, sumu inawadhuru na wao, na ng'ombe anaipitisha hadi kwa maziwa.

Eti chama, kile kikundi cha kuchangiana pesa, kianze Februari watu wakishapata nguvu. Vyama vingi vinagawana Desemba, halafu Januari kila mtu anakimbilia mkopo wa simu kulipa karo, na riba inamngoja mwisho wa mwezi. Kina mama niliowaona wakivuka vizuri hawakusubiri Februari, waliketi Januari hiyo hiyo na mia mia, wakampa wa kwanza yule mwenye mtoto anaingia sekondari.