Lori la magogo si lazima liwe limemaliza Mau

Hapa Nakuru lori la magogo likishuka kutoka Elburgon utaskia tu watu wakisema ndio hiyo, msitu wa Mau unamalizwa. Si lazima. Mara nyingi hayo ni saipresi na paini, miti asili yake Mexico, ilipandwa kwa laini ndio ivunwe. Saipresi ya mbao inakaa kama miaka 25 hadi 30, na katikati lazima ipogolewe, yaani matawi ya chini yakatwe, na mingine ipunguzwe, usipopogoa lile tawi likikauka linamezwa na mti, siku ya kupasua mbao unapata fundo jeusi, ukiligusa linadondoka linaacha shimo, na fundi hataki mbao kama hiyo. Marufuku ya serikali ya kukata miti ya 2018 ilipokuja, miti iliyokomaa iliachwa tu imesimama, mingine ikaozea hapo.

Kinachoniuma mimi ni miti kama mtarakwa na podo za msitu wa asili. Hizo hakuna mtu alizipanda, zinakua polepole sana, na huko ndiko mto Njoro unatoka kuja Lake Nakuru, na Sondu kwenda Ziwa Victoria. Kwa hivyo kabla ya kulaumu lori, uliza kwanza ni mti gani, umetoka wapi, na pale palipokatwa wamepanda tena ama wameacha tu.