Upepo, mlenda na kilomita 226: kujiandaa na Ironman ukiwa Dodoma

Vijana ninaowaandaa hapa Dodoma kwa Ironman, shindano la kuogelea, baiskeli na mbio kwa mfululizo, huanza na swali la kuogelea: mji hauna bahari, tutajifunzia wapi? Huwa najibu kwa kifupi, maana si huko wanakoanguka. Wanaangukia kwenye baiskeli, kisha lawama wanazipa mbio.

Vipimo kwanza. Unaogelea kilomita 3.8, unaendesha baiskeli 180, unamalizia na marathoni nzima ya 42.2, na mashindano mengi hukupa saa 17 za kukamilisha yote. Ilianzia Hawaii mwaka 1978, wakaanza watu 15, wakamaliza 12. Wa pili, John Dunbar, aliishiwa maji njiani, wasaidizi wake wakampa bia. Wanafunzi wangu hucheka hapo, ila nawahadithia kwa sababu hilo ndilo somo lenyewe: njaa na kiu huamua mambo kabla miguu haijachoka.

Kuogelea, basi. Bwawa la hoteli linatosha; lenye mita 25 unalikata mara 152. Bwawa la Mtera msiende, kuna mamba na viboko, na maji yasiyo ya chumvi yaliyotuama huwa na kichocho. Katikati ya mazoezi piga mikono sita ukiwa umefumba macho, kisha inua kichwa kidogo, macho tu yatokeze kama ya mamba huyohuyo, uone kama bado umenyooka. Mwezi wa mwisho tafuta siku chache za baharini, Bagamoyo au Tanga.

Sasa baiskeli. Upepo wetu wa kiangazi unavuma kutoka mashariki na kusini mashariki, na kadiri jua linavyopanda ndivyo unavyozidi. Ukishika barabara ya Morogoro kupitia Chamwino na Mbande kuelekea Kibaigwa, unaupokea usoni. Kosa la kila mgeni ni kung'ang'ania mwendo: saa yake ya mkononi imezoea kuonyesha kilomita 30 kwa saa, basi anakanyaga mpaka aione 30. Hewa haibembelezwi hivyo. Hata siku ya shwari, ukiongeza kasi mara mbili, nguvu ya kuikata hewa inapanda mara nane. Kwa hiyo pima juhudi, kasi achana nayo. Kama huwezi kumsimulia mwenzako sentensi mbili bila kuhema, shusha gia, hata kama bodaboda iliyobeba magunia inakupita. Siku ya mashindano nguvu ulizozichoma hapo utadaiwa kilomita ya 25 ya mbio.

Toka alfajiri, vaa kofia ngumu, kaa pembeni kabisa malori ya mahindi ya Kibaigwa yakianza kupita, ila usiingie kwenye vumbi la kando: mbigili zitakumaliza. Beba tyubu mbili. Na ukiona ng'ombe wanne wamevuka, kundi lote linakuja.

Mazoezi marefu ya baiskeli ndiyo darasa la tumbo. Lenga gramu 60 za wanga kwa saa; waliozoea hufika 90. Ndizi moja ya wastani ina kama 25. Wengi hununua ORS, ule unga wa kutibu upungufu wa maji mwilini, duka la dawa wakidhani wamemaliza kazi, lakini lita moja ya ORS ina glukosi gramu 13.5 tu. Chumvi unapata, chakula hupati. Mimi huwachanganyia lita ya maji na sukari ya kawaida gramu 60, robo kijiko cha chai cha chumvi, na ndimu kidogo. Sukari ya mezani ni nusu glukosi nusu fruktosi, na utumbo huzipitisha kwa milango tofauti, hivyo inaingia vizuri. Maji matupu mengi kwa saa nyingi ni hatari: chumvi ya damu inashuka, mtu anachanganyikiwa, anaweza hata kufa. Hapa kwetu hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona. Angalia alama nyeupe za chumvi kwenye fulana.

Chakula cha jioni ya kuamkia siku ndefu kinanigombanisha na wenyeji. Ugali wa dona na mlenda ni chakula bora, nami nakula, lakini nyuzinyuzi zake zitakutafutia choo barabarani. Kula wali au sembe na mboga kidogo. Juisi ya ubuyu ingoje ukishamaliza.

Mbio zenyewe? Kanda ya kati hatuna wasiwasi nazo. Alphonce Simbu wa Singida ni bingwa wa dunia wa marathoni wa mwaka 2025. Ila kukimbia ukitoka kitandani na kukimbia ukitoka kwenye tandiko ni vitu viwili. Mara moja kwa wiki, ukishuka tu baiskeli, badili viatu ukimbie dakika 20 polepole, mapaja yakikataa yaache yakatae. Kila wiki ya nne punguza mazoezi yote, na wiki mbili za mwisho kabla ya mashindano usijaribu kiatu kipya, tandiko jipya, wala chakula ambacho tumbo halijakutana nacho kwenye upepo wa Chamwino.