Weka kiberiti chini, majani ya mwanzi yanaoza

Juzi tena, huku Vihiga karibu na Mto Yala, nimemkuta mzee ninayemheshimu akifagia chini ya mwanzi wake na kuchoma. "Haya hayaozi, mwanangu. Yana mchanga ndani." Maneno hayo yamenichosha, hasa kwa kuwa nusu yake ni kweli.

Mchanga upo. Mwanzi ni jamii ya nyasi, hufyonza silika, yaani madini yaleyale ya mchanga, ikatulia kwenye jani. Kabla jani halijaanguka, mmea hurudisha mwilini mwake sehemu ya virutubisho vya naitrojeni na fosforasi, silika ikabaki jani. Ongeza lignini, ile dutu inayoufanya mti kuwa mgumu, na kuvu wanakuta mlo mgumu. Ndiyo maana jani huonekana zima hata masika yakipita.

Lakini jani kuonekana zima si dalili kwamba halijatoa kitu! Potasiamu haijafungwa kwenye nyuzi za jani. Imo katika maji ya seli, na mvua chache tu huiosha ikashuka udongoni, ambako mizizi myembamba ya mwanzi imetanda juujuu. Kalsiamu imeshikwa kwenye kuta za seli, kwa hiyo hutoka polepole, kadiri jani linavyomeguka. Naitrojeni ina mwendo wake: mwanzoni vijidudu huivuta kutoka udongoni wapate kulila jani, baadaye ndipo huiachilia. Basi usiyafukie majani haya kwenye tuta la sukuma wiki ukingoje rangi ya kijani. Sukuma itageuka manjano. Yatandaze juu, chini ya mwanzi wenyewe.

Ukichoma, naitrojeni nyingi inapaa na moshi. Potasiamu hubaki kwenye jivu, sawa, ila mvua kubwa moja mteremkoni huliteremsha hadi mtoni, na udongo uko uchi.

Kasi ya kuoza tunaipima kwa mifuko ya wavu: unapima uzito wa majani, unalaza mfuko chini, miezi ikipita unapima tena. Wavu mwembamba humzuia mchwa, naye ni mlaji mkubwa. Wavu mpana humpa njia, lakini vipande vinavyodondoka vinahesabiwa kwamba vimeoza. Kila nikijaza jedwali la vipimo hivyo moyo hunisuta. Na jani lililobebwa hadi kichuguuni, limerudi kwa mwanzi au limeupotea?

Rutuba inayoondoka shambani bila ubishi ni ile inayopanda lori pamoja na mashina ya mwanzi yaliyokatwa. Mzee, samadi yako ipeleke pale ulipokata, na ufagio uurudishe uani.