Katriji Tupu ya Tona Isitupwe, Isichomwe, Isigongwe Ukutani

Katika steshenari za Nyegezi na Malimbe, zinazowachapia wanafunzi tasnifu na ripoti za mafunzo kwa vitendo, na katika ofisi za katikati ya jiji la Mwanza, katriji ya tona inapoisha hutolewa kwenye printa, hutikiswa, hurudishwa ili itoe kurasa chache za mwisho, kisha hutupwa kwenye ndoo pamoja na karatasi na mabaki ya chakula. Ni upotevu mkubwa, kwa sababu katriji iliyoishiwa unga mara nyingi ni kifaa kizima, na uwezekano wa kuitumia tena hutegemea sana namna inavyoshikwa katika dakika chache baada ya kutolewa.

Wengi huuchukulia unga wa tona kuwa wino mkavu. Ukweli ni kwamba sehemu yake kubwa ni plastiki iliyosagwa, ikichanganywa na nta kidogo na rangi, ambayo kwa tona nyeusi ni masizi maalumu ya viwandani. Chembe moja ina upana wa mikroni 5 hadi 10 hivi, wakati unywele wa binadamu hufikia takriban mikroni 70. Ndani ya printa, umeme tuli huzivuta chembe hizo hadi kwenye dramu, silinda iliyo ndani ya katriji, zikahamia kwenye karatasi, kisha zikayeyushwa na joto linalokaribia nyuzi 200 za Selsiasi ili zigande. Unga usioshika karatasi hukwanguliwa na bledi ya mpira na, katika katriji nyingi za printa ndogo, huangukia chumba cha uchafu kilicho ndani ya katriji yenyewe. Kwa hiyo hata katriji tunayoiita tupu hubeba unga.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu tunaoishi kando ya Ziwa Victoria. Mwanza ni jiji la miamba na miteremko. Mvua ikinyesha, maji hushuka kwa kasi kupitia mitaro hadi Mto Mirongo, unaokatiza mjini na kumwaga maji yake ziwani. Katriji iliyopasukia kando ya mtaro huachia plastiki ambayo tayari imesagwa kiasi kwamba hakuna mtu awezaye kuiokota, nayo husafiri na maji hayo kuelekea ziwa lilelile linalotupatia sato na dagaa, na ambalo maji yake huvutwa pale Capri Point ili yasafishwe na kusambazwa majumbani. Kuichoma ni kubaya zaidi: plastiki na mpira hutoa moshi wenye sumu, na unga laini ukitimka karibu na moto unaweza kulipuka.

Njia bora ni kuijaza upya, kazi ambayo mafundi wetu wanaiweza ikiwa katriji itawafikia ikiwa salama. Dramu, ile silinda ya bluu au ya kijani inayong'aa, huharibiwa na mwanga na mikwaruzo. Usiiguse kwa vidole wala usiiache dirishani. Itie katriji kwenye mfuko mweusi mara tu inapotoka, kisha iweke ndani ya boksi iliyokuja nayo. Fundi makini hamwagi unga mpya juu ya uchafu wa zamani. Kwanza hufungua chumba cha uchafu na kukimwaga ndani ya mfuko unaofungwa, kwa kuwa kikijaa hufurika na kuchafua kurasa. Unga huo haurudishwi kazini, maana umechanganyika na vumbi la karatasi. Kisha hutumia tona ya aina inayolingana na printa husika, na hubadilisha chipu, kile kipande kidogo cha elektroniki kilicho kwenye katriji, pale inapohitajika. Baada ya kujazwa mara kadhaa dramu huchoka. Ukiona alama ileile ikijirudia kwenye ukurasa kwa umbali ulio sawa, takriban milimita 75 katika printa nyingi ndogo, fahamu kwamba dramu imekwaruzika na inahitaji kubadilishwa. Katriji yenyewe bado ni nzima.

Unga ukimwagika, usiufagie wala usiupulize. Upanguse kwa kitambaa chenye unyevu, na unawe mikono kwa maji baridi, kwani maji ya moto huulainisha ukang'ang'ania. Nawasihi kwa dhati wenye steshenari wasiwaache vijana wao wagonge katriji ukutani bila barakoa. Vumbi hilo huingia mapafuni, na wao hulivuta kila siku.

Katriji isiyojazika tena ina plastiki, alumini na chuma vinavyoweza kurejelezwa, lakini haifai kupelekwa dampo la Buhongwa pamoja na taka za kawaida. Tangu mwaka 2021 Tanzania ina kanuni mahususi za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, na ofisi ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) iliyopo Mwanza ndiyo ya kuulizwa kuhusu wakusanyaji wenye kibali. Ofisi kubwa, shule na vyuo vina nafasi nzuri zaidi: wakati wa kununua tona, vinaweza kuweka ndani ya mkataba sharti kwamba mzabuni anapoleta katriji mpya aondoke na zilizokwisha, zikiwa zimehesabiwa na kutiwa saini katika hati ileile ya kupokelea mali.