Programu za Bure Kwenye Kompyuta na Simu: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Katika steshenari nyingi za Mwanjelwa na Kabwe jijini Mbeya, na vivyo hivyo katika vibanda vya uchapaji vinavyowahudumia wanafunzi wa vyuo vya Iringa, kompyuta inayochapa barua za maombi ya kazi huwa na maandishi hafifu pembeni mwa kioo yanayodai kwamba Windows haijasajiliwa. Hakuna anayeyajali. Mwenye kompyuta atakwambia kwamba programu zake zote alizipata bure, naye huyohuyo, akiambiwa kwamba zipo programu halali zisizouzwa, hujibu kwamba cha bure hakikosi mtego. Kauli hizo mbili hukaa katika kichwa kimoja bila kugombana, na humo ndimo zinamozaliwa dhana nyingi zinazojadiliwa hapa. Kinachokosekana ni desturi ya kuuliza programu imetoka wapi na anayeitengeneza anaishi kwa nini, maana bei peke yake haijibu lolote kati ya hayo mawili.

“Cha bure hakikosi mtego”

Dhana hii ina chembe ya ukweli, ndiyo maana ni ngumu kuing'oa. Zipo programu za simu zinazotolewa bila malipo kwa sababu mtengenezaji wake hulipwa na watangazaji, na ili wamlipe vizuri inambidi ajue mtumiaji yuko wapi, anapenda nini na anawasiliana na nani. Programu ya tochi inayoomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyohifadhiwa kwenye simu haiyahitaji majina hayo ili iwake. Lakini lipo kundi jingine kabisa, ambalo asili yake ni mradi wa GNU ulioanzishwa nchini Marekani na Richard Stallman mwaka 1983, pamoja na leseni ya GPL iliyotoka mwaka 1989, inayomruhusu yeyote kuitumia programu, kuusoma msimbo wake (maandishi ya amri yanayoiunda), kuurekebisha na kuwagawia wengine. Leseni hiyo ndiyo inayotawala kiini cha Linux, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mfumo inayoendesha mashine, alichokianza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi huko Helsinki. Simu yoyote ya Android huendeshwa juu ya kiini hicho, hivyo mkulima wa parachichi wa Rungwe anayeulizia bei kwa WhatsApp anaitegemea programu ya aina hiyo kila siku, ajue asijue.

Wanaozitengeneza nao wanakula. Linux huandikwa kwa sehemu kubwa na wahandisi walioajiriwa na kampuni zinazoitegemea. LibreOffice, programu ya ofisi ya kuandikia hati na kufanyia hesabu, husimamiwa na The Document Foundation, taasisi iliyosajiliwa Ujerumani ambayo huishi kwa michango. VLC, programu ya kuchezea video na muziki iliyotokana na mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris ulioanza mwaka 1996, haina matangazo hadi leo. Firefox ina utata zaidi: sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla, mtengenezaji wake, hutokana na mkataba wa kuifanya Google kuwa kitafutio chake cha kwanza, yaani kivinjari kinachojinadi kwa kulinda faragha hulishwa na kampuni inayoishi kwa matangazo. Bado naona ni kivinjari cha kupendekezwa, hasa kwa kuwa toleo lake la Android hukubali kiongezi cha uBlock Origin kinachozuia matangazo, na tangazo lisilopakuliwa halili bando. Ila anayekipendekeza hana budi kuusema na upande huo wa pili.

“Ofisi iliyokrakiwa ni ileile ya dukani”

Hapa ndipo penye madhara makubwa kuliko pote. Ofisi hapa ni Microsoft Office, na kreki ni programu inayoidanganya ikubali kufanya kazi bila kulipiwa. Ili kreki ifanye kazi, fundi kwa kawaida huzima kwanza kinga ya kompyuta dhidi ya virusi, kisha huipa programu ambayo hamjui aliyeiandika mamlaka kamili juu ya mashine nzima. Ni sawa na kumpa mlinzi likizo usiku uleule unaomkaribisha mgeni usiyemfahamu alale sebuleni. Wezi wa nywila huitumia sana njia hii, kwa sababu nywila zilizohifadhiwa ndani ya kivinjari zinaweza kuchotwa na kutumwa mbali bila kompyuta kuonyesha dalili yoyote ya ugonjwa. Ikiwa kompyuta ni ya mtu mmoja, hasara ni yake. Katika steshenari, ambako mashine moja hufunguliwa akaunti za Ajira Portal, maombi ya mkopo wa HESLB na barua pepe za watu wengi kwa siku moja, hasara humwangukia mteja ambaye hata hakuulizwa. Isitoshe, programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, jambo ambalo mwenye biashara yenye leseni na mlango unaotazama barabara angepaswa kulipa uzito kuliko mwanafunzi wa bwenini.

Mbadala wake, LibreOffice, uliotokana na OpenOffice mwaka 2010, hukataliwa kwa kauli moja: kwamba “inavuruga kazi”. Mara nyingi kinachovurugika ni fonti. Hati iliyoandikwa kwa Calibri au Cambria ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyokuwa na fonti hizo, maneno huhama mistari, majedwali husukumwa, ukurasa wa kumi huwa wa kumi na moja, na lawama huangukia programu. LibreOffice huja na fonti za Carlito na Caladea ambazo herufi zake zina upana uleule wa hizo mbili, pamoja na Liberation Serif inayolingana kwa upana na Times New Roman, ambayo ndiyo vyuo vingi huidai katika ripoti za utafiti. Anayetaka usalama zaidi ahifadhi kazi yake katika muundo wa docx wakati bado inasahihishwa na msimamizi, kisha aigeuze kuwa PDF kabla ya kuipeleka kuchapwa, kwa kuwa PDF hubeba fonti zake yenyewe na haitahama popote, iwe inachapwa Uyole au Mafinga. Kasoro ya kweli iko kwenye Excel: mafaili ya hesabu yenye makro nyingi, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili, huenda yasifanye kazi yanapofunguliwa kwa Calc, sehemu ya hesabu ya LibreOffice, na ofisi ya uhasibu inayoyategemea haipaswi kuhama kabla ya kuyajaribu moja baada ya jingine. Kwa barua, ripoti, mitihani ya shule na orodha za mahudhurio sioni sababu ya mtu kuendelea kuhatarisha kompyuta yake.

Watu husahau pia kwamba Kiswahili kiliingia mapema katika kundi hili la programu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na mpaka sasa LibreOffice ina kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili. Kamusi hiyo haijui kila kitu, lakini inatosha kumpunguzia mwalimu mistari myekundu inayojipanga chini ya kila neno la mtihani wake.

“Flashi imekufa, tuifomati”

Kirusi kinachogeuza mafaili kuwa njia za mkato ndicho mgeni wa kudumu wa flashi zinazopita steshenari na maktaba za filamu. Mteja hufungua flashi akakuta ikoni ndogo zenye mshale, au hakuti kitu, na fundi humshauri aifomati. Ukweli ni kwamba katika hali nyingi kirusi hicho hakifuti chochote. Huyaficha mafaili na kuweka mitego mahali pake. Usibofye njia hizo za mkato. Ichunguze flashi kwa kinga ya kompyuta kwanza, kisha fungua kisanduku cha amri cha Windows na uandike amri ifuatayo, ukibadilisha herufi E kwa herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafaili yaliyofichwa yatajitokeza, nawe utayanakili kwingine. Ikiwa flashi imeshafomatiwa kwa haraka, usiandike kitu kipya juu yake: PhotoRec, programu isiyouzwa, inaweza kuyaokoa mafaili mengi mradi nafasi yake haijaandikwa upya. Huyarudisha bila majina yake ya awali, hivyo mwenye picha nyingi ajiandae kuzipitia kwa subira.

Kuhusu kinga yenyewe, wengi huamini kwamba lazima inunuliwe, au kwamba mbili ni bora kuliko moja. Tangu Windows 8, mwaka 2012, Defender, kinga ya Microsoft yenyewe, imo ndani ya Windows, na kwa mtumiaji wa kawaida anayeiacha iwake na kujisasisha inatosha. Kinga mbili zinazofanya kazi kwa pamoja hugombana na kuilemea mashine. Jambo la kutazamwa zaidi ni kwamba usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, ilhali kompyuta nyingi za mitumba zinazouzwa mikoani kwetu hazikidhi masharti ya Windows 11. Linux Mint, mfumo wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, inakubali mashine yenye RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ndizo zinazopendekezwa, nayo inaweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo kwenye diski.

“Ina kufuli, kwa hiyo ni salama”

Kufuli ya kivinjari huthibitisha jambo moja tu, kwamba mawasiliano kati yako na tovuti yamefichwa njiani. Haisemi tovuti ni ya nani. Mradi wa Let's Encrypt umekuwa ukitoa bure vyeti vya kidijitali vinavyoifanya tovuti ipate kufuli hiyo tangu mwaka 2015, tapeli naye huvipata kama wengine, na mwaka 2023 Chrome iliiondoa alama ya kufuli kwa sababu watu waliipa maana isiyokuwa nayo. Soma jina la tovuti lenyewe kabla ya kujaza namba ya NIDA kwenye tangazo la ajira, na ujumbe mfupi wa kitapeli uutume kwenda 15040 ya TCRA.

Dirisha la siri la kivinjari (incognito) nalo hupewa sifa isiyostahili. Hufuta historia ndani ya kifaa chako baada ya kulifunga, na hilo lina faida kubwa kwenye kompyuta ya steshenari. Mtandao wako wa simu na tovuti unazozitembelea bado wanakuona.

“Kupunguza PDF mtandaoni hakuna madhara”

Msimu wa maombi ya kazi na mikopo unapofika, vyeti vya kuzaliwa na vya kidato cha nne hupakiwa kwa wingi kwenye tovuti za kupunguza ukubwa wa faili. Mwombaji huona huduma ya bure. Kilichotokea ni kwamba nakala ya kitambulisho chake imekwenda kwenye kompyuta ya mtu mwingine, pengine nje ya nchi, kwa ahadi tu kwamba itafutwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023 inampa mwananchi haki juu ya taarifa zake, lakini haki hiyo ni ngumu kuidai kwa tovuti isiyojulikana iliko. Kazi hiyohiyo hufanyika ndani ya kompyuta bila intaneti: fungua picha ya cheti kwenye LibreOffice, chagua kuihamisha kama PDF, na katika dirisha linalofunguka punguza ubora wa picha na idadi ya nukta kwa inchi hadi 150. Cheti kitasomeka, na faili litakuwa dogo.

“Msimbo husomwa na wote, basi hauna hatari”

Hii ni dhana ya mashabiki, na mimi nikiwa upande wao naiona ina hatari kuliko ile ya wanaoogopa. Mwezi Machi 2024, mhandisi wa Microsoft aitwaye Andres Freund alishangaa kuona kwamba kuingia kwenye mashine zake kwa SSH, njia ya kuiendesha kompyuta kutoka mbali, kunachelewa kwa takribani nusu sekunde. Alipofuatilia aligundua kwamba ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumiwa na mifumo mingi ya Linux, mtu aliyejijengea imani ya mradi kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa ameficha mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia mashine za watu. Msimbo kuwa wazi ndiko kulikomwezesha Freund kufika kwenye mzizi wa tatizo. Hakukumzuia mhalifu kuingia. Kwa mtumiaji wa kawaida hitimisho ni la kiutendaji: pakua LibreOffice kutoka libreoffice.org na VLC kutoka videolan.org, si kwenye tangazo linalotokea juu ya majibu ya kitafutio wala kwenye flashi ya jirani, kisha kubali masasisho yanapokuja. WhatsApp zilizorekebishwa, ikiwemo GB WhatsApp, hazina duka rasmi na huweza kusababisha akaunti yako kufungiwa.

“Bando likiisha, simu haina faida”

Kwa wakazi wa Makete au Ludewa, ambako mtandao hutegemea uko upande gani wa mlima, dhana hii huwanyima mengi. Organic Maps hutumia ramani za OpenStreetMap, mradi ulioanza mwaka 2004, na ukishapakua eneo lako hukuongoza bila intaneti. Kiwix huhifadhi Wikipedia ndani ya simu au kompyuta. Ya Kiswahili ni ndogo na huingia kwenye simu ya kawaida; ya Kiingereza yenye picha zote hufikia takribani GB 100, kwa hiyo shule ni vyema iipakue mahali penye mtandao imara, iiweke kwenye diski ya nje na kuigawia maabara yote ya kompyuta. Hakikisha tu kwamba diski hiyo imefomatiwa kwa exFAT au NTFS, ambayo ni miundo ya kupangia mafaili kwenye diski, kwa sababu muundo wa FAT32, ambayo flashi nyingi huja nayo, haipokei faili moja linalofikia GB 4.